Mabano Yanafungwa Wapi

Nilipostaafu, vijana wa idara waliniomba niwaachie kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kufundisha. Nadhani walitarajia niwaeleze nilivyopanda ngazi mpaka nikaitwa profesa. Nilipanda kama wengine wote, polepole na nikishikilia ukuta, na sioni nani atafaidika kwa kuisoma safari hiyo. Nitaandika ya darasani. Na nikianza kuandika ya darasani siwezi kumkwepa Halima, kwa maana kazi yangu yote ina sehemu mbili tu kichwani mwangu: kabla yake na baada yake.

Nilifika Nairobi kutoka Bungoma miaka michache baada ya uhuru, kijana mwenye cheti cha ualimu na viatu vilivyonibana. Nilipewa kazi kwenye shule moja ya sekondari mjini. Mkuu wa somo la hisabati alikuwa Bwana Pinto, Mgoa mfupi mwenye sauti ndogo, aliyefundisha huku mkono mmoja uko mfukoni kana kwamba anangoja basi. Siku ya kwanza alinikabidhi bikari kubwa ya mbao ya ubaoni, akanielekeza darasa, akaondoka.

Baadhi ya wanafunzi wangu walikuwa na ndevu kunishinda. Nilisimika bikari ubaoni nichore duara, mguu wake ukateleza, chaki ikakatika, na badala ya duara nikachora kitu kama kiazi. Darasa lilicheka mpaka walimu wa jirani wakachungulia. Bwana Pinto aliingia bila kuuliza kitu, akatoa kamba mfukoni, akafunga chaki upande mmoja, akabana upande wa pili kwa kidole gumba na kuzungusha. Duara safi kabisa.

"Hiyo bikari ni ya kuonyesha wazazi siku ya mkutano," aliniambia tulipotoka. "Kazi fanya na kamba."

Jambo la pili alilonifundisha lilinichukua muda zaidi kulishika. Alisikia nikimwambia mwanafunzi, "Umekosea, kaa chini." Akaniita kando. "Usimwambie amekosea. Muulize amefikaje hapo. Mara nyingine utakuta ametembea vizuri, ila ameanzia mlango usio wake." Nimewasikia wenzangu wengi wakifundisha tangu wakati huo, na wanaojua kuuliza swali hilo ni wachache mno.

Nilipanga chumba Kibera, upande wa Makina, kwenye nyumba ya familia moja ya Kinubi. Babu zao walikuwa askari waliotoka Sudani wakati wa Mwingereza, na baada ya vita wakaachiwa pale msituni wajenge. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mzee tuliyemwita Habuba, ambayo kwa Kinubi ni bibi. Sisi wapangaji, wengi wetu watu wa magharibi, maseremala, wapishi wa Wazungu, na mimi na vitabu vyangu, tulikaa upande wa uani. Habuba alitutawala kwa macho tu. Ukiacha maji machafu mlangoni hakusema neno. Alikutazama, nawe ukaenda kutafuta ufagio.

Alikuwa akisuka vifuniko vya ukindu, vile vya rangi ambavyo Wanubi hufunikia chakula, akianzia katikati na kuzunguka nje duara baada ya duara. Mjukuu wake Halima, aliyekuwa akipoteza meno ya utotoni wakati huo, alikaa karibu naye akimpa nyuzi. Jumamosi moja nilikuwa mlangoni kwangu nasahihisha kazi ya wanafunzi, nikamsikia akisema, "Habuba, hiyo nyekundu haitakutana."

"Itakutana."

"Haitakutana. Ukifika huku itabaki nafasi ya moja."

Habuba alinung'unika, akaendelea kusuka, akafika upande wa pili. Ikabaki nafasi ya moja. Alifumua mzunguko mzima bila kumwangalia mtoto. Mimi niliacha kusahihisha. Tangu siku hiyo, kila nilipotoka kazini nilimpa Halima hesabu ya kuchezea, na yeye akanipa jibu kesho yake akienda kisimani, akipita tu, kama mtu anayekurudishia sufuria yako.

Kisha nikaoa. Rosa alikuwa fundi wa nguo, mwenye cherehani yake na ulimi wake, na vyote viwili vilifanya kazi vizuri. Nilienda kusoma ng'ambo kwa miaka michache, nikarudi kufundisha chuo kikuu. Wenzangu walikaa nyumba za chuo. Sisi tulijenga Kawangware, wakati huo bado kuna mashamba ya mahindi katikati ya nyumba, kwa sababu wateja wa Rosa walikuwa huko na yeye hakuwa tayari kuacha wateja kwa ajili ya bustani yenye maua. Nadhani nilikuwa mhadhiri pekee aliyeingia ukumbini na matope ya Kawangware kwenye viatu. Wanafunzi walizoea. Matope hayakuzuia chochote.

Halima alipoingia mwaka wa kwanza, miaka ya sabini ikielekea mwisho, hakuniambia kwamba anakuja. Nilikuwa nikiita majina, nikasikia sauti ikiitika "Niko, Mwalimu," badala ya "Present, sir" waliyoitika wengine, nikainua kichwa. Alikuwa msichana mrefu mwenye mtandio, amekaa safu ya mbele kabisa. Nilidhani ni bidii. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hata kutoka hapo mbele alikuwa akiona ubao kwa taabu.

Mwaka huo alifaulu vizuri kuliko wote. Katikati ya mwaka wa pili akapotea. Wiki moja, ya pili, kiti kitupu. Niliwauliza wenzake wakaniambia anaumwa macho. Jumamosi nilishika njia ya Kibera.

Habuba alikuwa amezeeka sana, lakini alinitambua kwa mwendo kabla sijafika mlangoni. Alinikaribisha, akaniletea chai, akakaa. Halima alikuwa ndani, kwenye kona, ameegemea ukuta.

"Mwalimu ni wewe?" aliuliza. Uso wake ulikuwa umeelekea kidogo kando ya pale nilipokuwa.

"Ni mimi. Mbona husemi unaumwa?"

"Siumwi. Haiumi tena. Daktari amesema ni presha ya macho, na tumechelewa. Naona mwanga wa mlango tu. Na huo pia amesema utaenda."

Nilikunywa chai iliyoniunguza.

"Unarudi lini chuo?" hatimaye niliuliza.

Aliyejibu alikuwa Habuba. "Mwalimu, sikiza. Wewe umekaa hapa, umekula hapa, wewe ni mtu wetu. Huyu mtoto amelia mpaka amenyamaza. Sasa amenyamaza. Usije ukampa matumaini ya uongo halafu wewe uende zako Kawangware."

"Sijasema kitu, Habuba."

"Ndiyo nakuambia kabla hujasema."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nilikaa pale nikifikiria, na ninakiri kwamba sikuwa na mpango wowote. Nilijua mtu asiyeona anaweza kusoma sheria, historia, dini. Hisabati sikujua. Sikuwahi kumsikia hata mmoja nchini. Lakini nilimwangalia yule msichana nikakumbuka kwamba tangu utotoni majibu yake mengi alinipa akiwa anatembea, mikono ina ndoo, bila karatasi.

"Halima," nikasema, "ile kazi niliyowapa kabla hujapotea, ya mfululizo wa namba. Uliifikiria?"

"Niliimaliza nikiwa nimelala hapa."

"Niambie."

Akaniambia. Alianza polepole, akakwama, akarudi nyuma, akapata njia. Mahali pamoja nilimwona amepotoka, nikajizuia nisiseme, nikamuuliza amefikaje hapo. Akacheka, kicheko kifupi cha kujishangaa, akajisahihisha. Habuba alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine. Hakuelewa neno hata moja la hesabu ile, lakini kicheko alikisikia. Alisimama, akachukua kikombe changu akakijaza tena, na kwa Habuba hiyo ilikuwa ruhusa.

Mkuu wa idara alikuwa Dokta Mbugua, mtu mwema na mwoga, na sijui ni kipi kilitangulia. Nilimweleza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Barasa, huyo msichana tumhamishie dini au historia. Nitamsaidia mimi mwenyewe. Lakini hisabati ni kuona. Grafu ataionaje? Atasomaje mtihani?"

"Sijui bado."

"Hujui, na unataka nikubali?"

"Nataka unipe nafasi ya kujua."

Tulivutana asubuhi nzima. Mwisho alisema Halima anaweza kubaki, lakini mtihani wa mwisho wa mwaka atafanya ule ule wa wenzake, karatasi zote, bila kupunguziwa kitu. Akishindwa, anaondoka. Nilikubali. Halima nilipomwambia alisema, "Sawa. Ningekataa kama angenipunguzia."

Basi tukaanza. Alijifunza nukta nundu kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akifundisha wasioona mjini, na alijifunza haraka, kwani vidole vyake vilikuwa vimezoea ukindu tangu utotoni. Lakini vitabu vya hisabati ya chuo kwa nukta nundu havikuwepo. Ilibidi kila kitu kipite mdomoni mwangu, na hapo ndipo nilipogundua jinsi ninavyozungumza. Kwa miaka yote nilikuwa nimefundisha kwa kidole. "Chukua hii, leta huku, ondoa na hii, unaona imebaki hii."

"Mwalimu," Halima aliniambia siku ya kwanza, kwa upole kabisa, "hii ni gani?"

Nikaanza upya. Ilinibidi kujifunza kutamka hisabati. Ukimwambia mtu asiyeona "eksi jumlisha mbili, mara tatu," hajui kama tatu inazidisha vyote au mbili peke yake. Tukakubaliana lugha yetu: fungua mabano, funga mabano, juu, chini, mstari wa sehemu unaanza, mstari wa sehemu unaisha. Nilianza kuzungumza hivyo hata darasani kwa wale wanaoona, na cha ajabu maswali yao yakapungua. Nililitazama jambo hilo kwa muda mrefu bila kulifurahia sana.

Michoro ndiyo iliyotusumbua. Nilijaribu misumari na uzi juu ya ubao, kazi ya siku nzima kwa grafu moja. Nilijaribu gundi na mchanga, ulibanduka. Nilijaribu nta. Rosa alikuwa akinitazama kwa siku kadhaa nikiharibu meza yake ya kukatia nguo, mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Unatafuta nini hasa?"

"Mstari ambao mtu anaweza kuugusa."

Alifungua kikasha chake cha kazi, akatoa kile kigurudumu chenye meno ambacho mafundi hukitumia kuhamishia alama za ruwaza kwenye kitambaa. Akatandika blanketi kuukuu mezani, akaweka karatasi nzito juu, akapitisha kigurudumu, akaigeuza karatasi. Upande wa pili kulikuwa na safu ya vinundu vidogo, vimepangana vizuri kabisa. Nilipitisha kidole. Nikapitisha tena.

"Umekuwa nacho wakati wote huo?"

"Na wewe ulikuwa na mdomo wakati wote huo. Si ungeuliza."

Jumamosi ile nilipanda kwenda Kibera na grafu sita chini ya kwapa, mtu mwenye furaha. Halima alizipapasa mojamoja, uso umekunjamana.

"Umesema hii inapanda kwenda kulia?"

"Ndiyo."

"Mwalimu, hii inapanda kwenda kushoto."

Nilikuwa nimesahau kwamba ukigeuza karatasi kila kitu kinageuka nayo. Msomi wa hisabati, na shahada zangu zote! Halima alicheka mpaka Habuba akaja kuuliza kuna nini. Baada ya hapo nilijifunza kuchora kinyume, na binti yetu Nekesa, aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wangu, akawa ananisaidia. Tulipofika kwenye mistari inayozunguka kutoka katikati kwenda nje, ile ambayo wanafunzi wengine huiogopa, niliandaa maelezo ya saa nzima. Halima aliweka kidole katikati, akakizungusha mara moja, akasema, "Hii ni kifuniko cha Habuba. Endelea."

Mwalimu anayesoma haya ataniuliza: na wanafunzi wengine? Walikuwepo. Nilifundisha madarasa yangu yote kama kawaida. Watoto wangu walikula, walikwenda shule, waliugua surua wakapona. Jioni nyingine nilikaa mezani na Rosa akinisomea milinganyo, tukipima kama lugha yetu inaeleweka kwa mtu ambaye si wa fani, na watoto wakizifunga sentensi zao zote kwa "funga mabano" mpaka tukawakataza wakati wa kula.

Mtihani ulifika. Halima alikaa chumba cha peke yake, na msomaji wa kumsomea maswali na kuandika majibu anayotamka. Mimi sikuruhusiwa kwa kuwa ni mwalimu wake, jambo ambalo ni sahihi. Chuo kilimpa karani. Alikuwa mtu mstaarabu ambaye hakuwahi kusoma hisabati tangu shule ya msingi, na aliposoma alisoma kama anavyosoma tangazo. Kila alipofika kwenye alama asiyoijua aliiruka. Halima aliuliza, "Mabano yanafungwa wapi?" na yule bwana akamjibu, "Yako hapa tu, madam."

Alishindwa karatasi mbili.

Nilimpata kwao Makina amekaa nje juani. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji, na sentensi zangu nimezipanga vizuri njiani.

"Usinipe pole," alisema kabla sijakaa. "Nimekasirika. Wacha nikasirike kwanza."

Nikakaa. Watu walipita na makaa na sukuma wiki kutoka upande wa Silanga, wakatusalimu, tukajibu. Baada ya muda mrefu alisema, "Sikushindwa hesabu. Nilishindwa kuambiwa swali. Nataka nirudie. Na nataka mtu anayejua kusoma."

"Mbugua alisema ukishindwa—"

"Basi twende kwa Mbugua. Mimi na wewe. Nimwambie mwenyewe."

Tulikwenda Jumatatu. Nilimwongoza mpaka mlangoni. Baada ya hapo hakunihitaji. Alimweleza Dokta Mbugua bila kupaza sauti kilichotokea kwenye kila swali, alichosomewa na alichopaswa kusomewa, kwa maana baadaye wenzake walikuwa wamemsomea karatasi zile, na maswali yote alikuwa nayo kichwani. Kisha akasema, "Sikuomba mnipunguzie. Niliomba nifanye mtihani wa wenzangu. Huo bado sijaufanya."

Mbugua alifuta miwani. Nilimjua, akifuta miwani mara ya pili anatafuta njia ya kukataa. Aliifuta mara moja tu.

"Atarudia," alisema. "Lakini mara ya mwisho, Barasa. Na watu watasema msomaji amemsaidia. Ukimweka mmoja wa vijana wako watasema ni kijana wako."

"Basi msomee wewe," nikasema.

Sijui lilitoka wapi neno hilo. Mbugua alinitazama kana kwamba nimemtukana. Kisha akamtazama Halima, aliyekuwa amesimama wima, fimbo yake nyeupe mkononi, akingoja kama mtu ambaye atangoja mpaka jioni ikibidi.

"Nitasoma mimi," alisema.

Siku ya karatasi ya mwisho nilikaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha lililofungwa. Sikusikia maneno, nilisikia sauti tu: ya Mbugua, nzito, kisha ya Halima, fupi, kisha ya Mbugua tena, polepole kidogo kuliko mwanzo. Mlango ulipofunguka, alitoka Mbugua kwanza, koti mkononi, shati limelowa jasho mgongoni. Alikaa kando yangu.

"Huyo msichana amenichosha."

"Ameweza?"

"Karatasi haijasahihishwa, usiniulize." Akaweka koti magotini. "Swali la nne aliniuliza mabano yanafungwa wapi. Nimelitunga mwenyewe lile swali, Barasa. Nikatazama, na nikagundua sijui. Nilikuwa nimeliandika vibaya, linasomeka njia mbili. Ametoa majibu mawili, kila njia na jibu lake, akaniambia nichague."

Tangu mwaka ule, kila karatasi ya mtihani katika idara yetu ilisomwa kwa sauti mbele ya mtu wa pili kabla ya kupigwa chapa. Vijana mnaoiona kawaida hiyo kama usumbufu, mjue ilitoka wapi.

Halima alifaulu. Mwaka uliofuata alihitimu. Habuba alikuja kwenye mahafali amevaa shela yake ya Kinubi ya rangi ya machungwa, hakupiga makofi wakati wengine wanapiga, alilia kimyakimya bila kujifuta, na tulipomaliza alinishika mkono akauminya kwa nguvu nisizozitarajia kwa mtu wa umri wake. Aliishi mwaka mmoja zaidi.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Kutafuta kazi kulikuwa kugumu kuliko mtihani, kwa sababu mtihani una majibu. Halima alitaka kufundisha sekondari. Walimu wakuu walimpokea kwa heshima, wakampa kiti, wakamsifu, wakamwambia nafasi imejaa. Mmoja alimwambia nafasi imejaa huku tangazo la nafasi hiyo liko mlangoni, nami nikalisoma tukitoka. Niliuliza kama nirudi ndani. "Hapana," alisema Halima. "Mahali ambapo lazima wewe urudi ndani, sitaki kufundisha."

Alipata nafasi Kawangware, karibu na kijiji cha Kongo, kwenye shule ya harambee iliyojengwa na wazazi kwa mbao na mabati. Ilikuwa haijawahi kuwa na mwalimu wa hisabati aliyekaa zaidi ya muhula. Mwalimu mkuu, Bi Wanjiru, alikuwa mwanamke mnene asiye na muda wa adabu ndefu.

"Nani atakuandikia ubaoni?" alimuuliza.

"Wao. Mimi nitasema, wao wataandika, na kila mstari watausoma kwa sauti."

"Na wakiandika upuuzi?"

"Nitausikia."

Bi Wanjiru alinigeukia mimi. "Na wewe mzee, umekuja kumwombea?"

"Nimekuja kumwonyesha njia, mimi ni jirani tu."

"Aanze Jumatatu," alisema.

Jumatatu nilimpeleka, na kwa ruhusa ya Bi Wanjiru nikakaa nyuma ya darasa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti karibu na kidevu. Kulikuwa na kelele. Halima aliingia, akatembea mpaka akagusa meza, akasimama. Kelele hazikupungua, wengine walikuwa wakinyosheana vidole na kupunga mikono kumjaribu kama kweli haoni. Mimi, kwa mazoea ya miaka yote, nikapiga meza kwa kiganja na kusema, "Nyamazeni!"

Wakanyamaza, wote wakanigeukia. Halima naye aligeuza uso kwenye sauti yangu.

"Mwalimu, bado uko hapo nyuma?"

"Niko."

"Enda nyumbani. Hii darasa ni yangu."

Kuna wanafunzi waliocheka, na nadhani hata mimi nilitabasamu. Nilijikwamua kutoka kwenye kile kiti kidogo, nikapita katikati ya madawati, nikatoka. Nje nilisimama kidogo kando ya ukuta wa mabati. Nilimsikia akiita mtu aende ubaoni, nikasikia chaki, nikasikia sauti ya kijana ikisoma mstari kwa haraka haraka, na sauti ya Halima: "Hapo. Umefikaje hapo?"

Nikaondoka. Nilipofika nyumbani Rosa alikuwa barazani na cherehani yake, gauni la harusi la mtu limemwagika mpaka sakafuni.

"Mbona umerudi mapema hivi?"

"Nimefukuzwa."

Alinitazama juu ya miwani yake kwa muda, akipima kama ni habari mbaya. Kisha akasogeza kigoda kwa mguu.

"Vizuri," alisema. "Njoo basi unishikie hiki kitambaa kisiburute."